Kumuuguza mgonjwa aliyetoka nchi nyingine

Jamaa zetu wengi wamepelekwa kuishi Marekani, Kanada na Australia kutoka kambi za Uganda, Burundi na Tanzania. Kule wao ndio wagonjwa wageni. Huku kwetu, tangu mwaka 2015, Warundi wa kambi ya Lusenda katika Fizi wanafika mbele ya wauguzi wetu. Jambo hili linatugusa pande zote mbili.

Aliyelifanya kuwa somo la uuguzi ni Madeleine Leininger (1925-2012), muuguzi wa Marekani. Katika miaka ya 1950 aliona kwamba watoto wa asili mbalimbali hawakuipokea huduma ile ile kwa namna moja. Akaenda kuishi na watu wa Gadsup kule Papua New Guinea ili ajifunze, kisha akafundisha njia tatu: desturi inayomsaidia mgonjwa iachwe idumu, inayoweza kupatana na matibabu itafutiwe nafasi, inayomdhuru izungumzwe pamoja naye mpaka ipatikane njia nyingine. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, maana wengi wetu tunaanza na kukaripia.

Habari ya Lia Lee inaonyesha hasara yake. Alizaliwa 1982 huko Merced, California, katika familia ya Wahmong waliokimbia Laos. Kabla hajatimiza mwaka alishikwa na kifafa. Madaktari waliona ugonjwa wa ubongo. Wazazi waliona kwamba mlango uliobamizwa ulishtua roho ya mtoto, ikakimbia. Tena kwao ugonjwa huo ulikuwa na heshima, maana waganga wao wa jadi wengi walikuwa nao. Dawa zilibadilishwa mara nyingi. Wazazi hawakujua kusoma, mara nyingi mkalimani hakuwepo, na waliamini kwamba dawa nyingine zinamzidishia mtoto ugonjwa. Waliposhindwa kuzitoa kama walivyoagizwa, mtoto aliondolewa nyumbani kwa amri ya serikali karibu mwaka mzima. Mwezi wa 11 mwaka 1986 alipatwa na kifafa kikali, ubongo ukaharibika. Madaktari walidhani atakufa baada ya siku chache. Wazazi walimchukua nyumbani, wakamwogesha, wakamlisha, naye aliishi mpaka 2012. Hakuna upande uliokosa upendo kwa mtoto yule. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wazazi mapema wanaliitaje jambo hili, limetoka wapi, na wanaogopa nini zaidi. Maswali ya namna hiyo daktari Arthur Kleinman wa Harvard alikuwa ameyaandika tangu miaka ya 1970.

Dini nayo inaingia mpaka kwenye dawa. Mwislamu mgonjwa anaruhusiwa kutofunga Ramadhani, lakini wengine wanafunga hata hivyo. Mwenye kisukari anayechoma insulini anaweza kuanguka asipopangiwa saa na kipimo upya. Ganda la vidonge vingine linatokana na nguruwe, vilevile heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mashahidi wa Yehova wanakataa kuongezewa damu, na hilo lijulikane kabla mama hajaanza kutokwa na damu. Akina mama wa Kisomali walioko Ulaya na Marekani wengi wanaogopa sana kuzaa kwa upasuaji. Muuguzi asiyejua anadhani ni ukaidi tu. Lakini tusimhukumu mtu kwa kabila au dini yake. Si kila Mwislamu anafunga, na si kila mama anayenyamaza wakati wa uchungu hana maumivu. Aulizwe yeye mwenyewe.

Kwa jamaa walioko Marekani: hospitali inayopokea fedha za serikali inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Sema wazi kama unataka Kiswahili cha Kongo, Kibembe au Kinyamulenge, kwa sababu mkalimani wa kutoka pwani anaweza kukupotea katikati ya maneno. Mtoto wako asitafsiri habari za tumbo la uzazi la mama yake.

Na huku kwetu, katika hospitali za makanisa, tuna desturi ya kupita kitanda kwa kitanda na kuomba. Ni desturi njema, wengi wanaingojea. Lakini mgonjwa aliyelala hawezi kutoka chumbani. Kwa hiyo kabla ya kufumba macho tumwulize kama anataka, na akisema hapana, apate dawa yake kwa saa ile ile na sauti ile ile kama jirani yake.