Kilima cha Sentimita Sita

Mwaka 1812 baron mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake Friedrich Wilhelm III zawadi ya ajabu: meza yenye droo nyingi, na ndani ya droo vipande vya nchi. Kipande hiki mto, kile barabara, kingine kijiji au ukingo wa msitu. Mfalme angeweza kuvipanga jioni moja hivi na jioni nyingine vile, kisha akapiganisha majeshi juu yake bila kumwaga damu. Karne moja baadaye, mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, kilichowafundisha watu wazima kuchezea askari wa bati sakafuni bila kuona haya.

Kizazi cha leo cha mchezo huo kina visanamu vya urefu wa milimita 28 hivi, majoka, wachawi na makabila ambayo hayajawahi kuishi popote. Makabila hayo yanahitaji pa kuabudia, kwa hiyo watu hujenga. Mtindo unaopendwa sana ni hekalu dogo la Kichina lenye paa la pembe zilizojikunja kuelekea juu. Ufundi wake si siri. Msingi unakatwa kwenye kipande cha stairofomu, ile inayofungiwa televisheni mpya. Boksi ukilimenya karatasi ya juu linabaki na mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo vigae. Nguzo ni njiti za kuchokolea meno. Chini unapaka gundi ya mbao na kunyunyizia mchanga. Halafu unapaka kila kitu rangi nyeusi, ikikauka unapitisha brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi, na ghafla kitu cha jana kinaonekana kimekaa mvuani miaka mia tatu.

Nina rafiki Arusha anayefanya kazi hii vizuri kuliko wengi niowaona. Siku moja aliniuliza: kwa nini tujenge hekalu la kabila la kubuni, wakati kwetu kuna mahali patakatifu pa kweli? Kwao ni Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang. Nilipomuuliza angejenga nini, alijibu neno moja: bung'eda.

Bung'eda ni kaburi la Wabarabaig, tawi la Wadatoga, wafugaji ambao wenzao wengi huwaita Wamang'ati bila kujali kwamba jina hilo wamepewa na Wamaasai kwa maana ya adui. Si kila mtu anajengewa bung'eda. Ni heshima ya wazee wachache waliokubalika na ukoo na majirani. Na haijengwi kwa siku moja. Msiba wa mzee wa namna hiyo unaweza kuchukua miezi tisa, na katika muda huo kilima cha udongo kinapandishwa tabaka kwa tabaka, ndugu na wakwe wakiwa na sehemu zao za kazi, pombe ya asali ikinywewa na kumwagwa kwa ajili ya marehemu. Mwisho wa shughuli kilima kinafika kama mita tatu na nusu. Tangu hapo mahali hapo pana mwenyewe. Watoto na wajukuu hurudi, hata baada ya miaka mingi, hata kama ng'ombe wameshahamia malisho mengine, kuja kuzungumza na mzee wao.

Sasa turudi mezani. Kama mtu wa kweli wa mita 1.7 anakuwa milimita 28, kila kitu kimegawanywa kwa 60 hivi. Kilima cha mita tatu na nusu kinakuwa sentimita sita. Rafiki yangu alikijenga kwa nusu saa: stairofomu, gundi, mchanga, majani makavu yaliyopondwa. Kilikuwa sahihi kabisa kwa vipimo, na hakikuwa kitu. Kila aliyekiona alidhani ni kichuguu.

Hili nimelifikiria sana. Hekalu la Kichina linajitambulisha lenyewe. Ukiona zile pembe za paa unajua hapa mtu anaabudu, hata kama hujui anamwabudu nani. Bung'eda haina pembe. Haina maandishi, uzio wala mlango. Baada ya mvua kadhaa nyasi huota juu yake. Utakatifu wake wote umo katika kumbukumbu ya watu wanaojua nani amelala pale, na kumbukumbu haipakwi kwa brashi kavu.

Na waliowahi kushindwa kuiona si wachezaji tu. Magharibi ya mlima, kwenye tambarare ya Basotu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ikisaidiwa na Kanada ilianza mradi mkubwa wa ngano. Shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilipewa mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Mradi ulikuwa na mantiki yake. Miji ilikuwa inakua, mkate ulitakiwa, na fedha za kigeni za kununulia ngano nje zilikuwa haba. Udongo wa Hanang ni mzuri, ardhi imelala vizuri kwa mashine, na mtu aliyeitazama kwenye ramani aliona uwanda mtupu. Ilikuwa kama ile meza ya mfalme: vipande vinapangwa upya, na hakuna anayelia.

Lakini palepale palipoonekana patupu ndipo Wabarabaig walipokuwa na malisho yao bora, waliyoyaingia kwa msimu na kuyapumzisha kwa msimu. Na humo ndani yalikuwamo makaburi. Matrekta yalipita. Bung'eda kadhaa zilisawazishwa na kupandwa ngano juu yake, na njia ambazo watu walipita kuwaendea wazee wao zikafungwa, anayepita akihesabiwa mvamizi. Sidhani kwamba kila dereva wa trekta alijua anachokanyaga, na kutojua huko ndiko kunakonitisha zaidi kuliko ukatili.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishitaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani iliutengua. Kijiji, ilisemwa, hakikuonyesha kwamba kimegawiwa ardhi ile kisheria. Wanakijiji nao hawakuthibitisha kwamba wote walikuwa wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya wakati huo, sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Isome tena sentensi hiyo. Watu ambao babu zao walikuwa wamelala ndani ya shamba linalogombewa, kila mmoja chini ya kilima cha miezi tisa, walitakiwa kuthibitisha uenyeji. Mwaka 1987 tangazo la serikali likafuta haki za kimila za ardhi katika sehemu za Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulikuwa bado umeimeza Hanang. Manyara ilizaliwa mwaka 2002.

Ningependa kusema kwamba tatizo lilikuwa kwamba dola ya miaka ile haikuthamini makaburi. Si kweli. Miaka ileile ya 1970, umbali wa safari ya siku moja, reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Wachina kadhaa walifia kwenye kazi hiyo. Zaidi ya sitini wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto. Kuna uzio. Kuna mawe yenye majina kwa Kichina, yamepangwa mistari kama abiria wanaosubiri treni. Viongozi huenda na mashada ya maua, na haki yao, walitoa uhai kwa ajili yetu. Hakuna trekta litakalopita pale. Wale wafu walikuja na vitu ambavyo dola inajua kuvisoma: jiwe, jina, safu, na ubalozi.

Mzee wa Basotu alikuwa na udongo na wajukuu.

Rafiki yangu hakuitupa ile bung'eda ya sentimita sita. Alichobadilisha ni vilivyoizunguka. Aliondoa kila kitu kingine kwenye kona ile ya meza, miti, mawe, hata ua wa miiba aliokuwa ameujenga kwa siku mbili. Akachora kwa ncha ya msumari njia nyembamba sana kutoka ukingo wa meza hadi chini ya kilima, ya miguu ya watu na kwato za ng'ombe wachache, kisha akaongeza ya pili kutoka upande mwingine, na ya tatu. Ng'ombe aliwafinyanga kwa udongo, kama watoto wanaochunga wanavyofanya mtoni, kila mmoja mdogo kuliko punje ya haragwe. Sasa anayeitazama meza haulizi tena kama ni kichuguu. Anauliza watu hawa wote wanakwenda kwa nani.

Bado kuna suala la kanuni. Michezo hii huainisha kila kipande cha ardhi: hiki kinapitika, hiki kinapunguza mwendo, hiki hakipitiki kabisa. Wiki iliyopita vijana wawili walikuwa wakibishana kama jeshi lenye magari ya chuma linaruhusiwa kukata kupitia kona ile ili kuokoa zamu moja. Mmoja alisema ni udongo tu, kitabu hakitaji kitu kama hicho. Rafiki yangu, ambaye huwa haingilii mchezo wa wengine, alichukua kalamu na kuandika kwa mkono pembezoni mwa ukurasa: haipitiki.