Cherehani ya Bibi Si Chuma Chakavu: Isome Namba Kabla ya Kuiuza



Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi cha ushonaji ninachokihudumia aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta ameshaitia kwenye kiroba cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake. Fundi alikuwa amemwambia kwamba spea za "Singer za mkoloni" hazipo tena duniani, na kijana anayenunua chuma chakavu alikuwa njiani kuja kuipima kwa kilo. Nilimwomba mama anipe nusu saa, kitambaa na mafuta ya taa kidogo.

Nilikuwa natafuta namba. Na wewe ukiwa na cherehani ya zamani ndani, anzia hapo. Angalia upande wa kulia, kwenye kitako cha chuma, karibu na pale nguzo inapoinukia. Paka mafuta ya taa, subiri, futa uchafu taratibu bila kukwangua kwa kisu. Namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Maandishi ya dhahabu yaliyo juu usiyaamini sana, kwa sababu neno "Singer" linaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Kwa nini namba ina uzito huo? Rudi nyuma kidogo. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846. Isaac Singer alitoa ya kwake mwaka 1851, wakashtakiana, wakapatana. Mshirika wa Singer, Edward Clark, kuanzia mwaka 1856 akaanza kuuza cherehani kwa malipo ya awamu, mtindo ambao hadi leo tunauona kwenye maduka ya samani. Lakini ndani ya kiwanda mambo hayakuwa yamenyooka. Kwa miaka mingi vipande vilikuwa bado vinapigwa tupa kwa mkono hadi vikubaliane, na kipande cha cherehani moja hakikuwa na uhakika wa kuingia kwenye nyingine. Namba iligongwa kwenye vipande vikubwa ili vikitoka kuchomwa na kukomazwa virudi kwa wenzao. Kwa hiyo namba ilianza kama alama ya kuunganisha ndugu, kabla haijawa cheti cha kuzaliwa.

Baadaye Singer wakaweka utaratibu. Namba isiyo na herufi mbele yake ni ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia 1900 namba inatanguliwa na herufi moja, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 na herufi mbili. Kwetu Afrika Mashariki utakutana sana na namba zinazoanza na E ikifuatwa na herufi nyingine: EH, EJ, EK na kadhalika. Hizo zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda cha Kilbowie kilichofunguliwa mwaka 1885. Mwaka 1913 kiwanda hicho kimoja kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980. Hizo herufi tatu nilizotaja ni za miaka ya 1950. Mwaka utakaoupata kwa njia hii ni wa kukadiria, maana namba ziligawiwa kwa mafungu makubwa kabla cherehani zenyewe hazijatengenezwa.

Umri, hata hivyo, haununui spea. Kinachonunua spea ni aina. Ukiona kibao kidogo kimeandikwa 15K, 66K, 99K au 201K, hiyo K ni Kilbowie, na tarakimu ndiyo aina. Kama kibao hakipo, tazama bobini inavyokaa, utajua mwenyewe.

Kama bobini imesimama wima ndani ya kasha dogo la chuma unalolichomoa kwa kidole kutoka upande wa kushoto, una aina ya 15 au nakala yake. Hapo furahi. Kama bobini imelala chali na unaidondosha kutoka juu, huenda una 66 au mdogo wake 99. Na kama ndani kuna kitu kirefu kama mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma, na bobini yake ni nyembamba kama kijiti, hiyo ni ya familia ya 27 na 28. Kwa hiyo ya mtumbwi sitakudanganya: spea mpya ni za kubahatisha. Dawa yake ni kutafuta mzoga wa cherehani ya aina hiyohiyo kwa mafundi wa zamani na kuununua mzima.

Nimesema furahi ukiwa na 15 kwa sababu hii. Hataza za mwanzo zilipokwisha, wengine waliruhusiwa kuiga. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani vilikubaliana kutengeneza cherehani kwa vipimo vya pamoja vilivyotokana na Singer 15, wakaiita HA-1. Wachina nao wakatoa za kwao zenye herufi JA, na ndizo Butterfly tunazozijua kila kijiji. Ndiyo maana pakiti ya sindano dukani inaandikwa HAx1 au 15x1, na ni sindano ileile yenye shina bapa upande mmoja. Ukiuziwa iliyoandikwa DBx1, yenye shina la duara, rudisha. Hiyo ni ya cherehani za kiwandani. Kasha la bobini la Butterfly linalouzwa Kariakoo leo kwa kawaida litaingia kwenye Singer 15 ya bibi yako. Nenda na kasha la zamani mkononi, ulinganishe papo hapo. Picha ya simu haitoshi, nami niliwahi kurudi na kasha lisilo lake kwa kuamini picha.

Tahadhari moja. Mwezi Aprili 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba Singer za zamani zina "zebaki nyekundu" ndani, na kwamba ukisogeza simu ya mkononi utaigundua. Watu walitajiana bei hadi riyali 200,000. Hakukuwa na zebaki yoyote. Ndani mna chuma na mafuta tu. Akija mtu na simu yake kuipima cherehani yako, au akitaka utangulize fedha ili akutafutie tajiri, mwonyeshe mlango.

Turudi kwa yule mama. Namba yake ilianza na EH, na bobini ilikuwa imelala. Ni 99K. Nikaitoa bobini na kuiweka juu ya meza: pande zake zilikuwa bapa kabisa. Bobini ya 66 na 99 ina pande zilizobinuka kidogo kama mgongo wa sahani. Mtu alimwekea ya 15, ambayo upana wake unakaribiana nayo lakini kimo chake ni kikubwa zaidi, na ndiyo iliyokuwa ikisokota uzi na kuikwamisha mashine. Cherehani haikuwa imevunjika popote. Tuliitia mafuta ya cherehani (si ya kupikia, yanaganda kama gundi), tukaiacha siku mbili, kisha tukaagiza bobini sahihi kwa jina: "klasi 66, za chuma". Kijana wa chuma chakavu alipofika aliambulia sufuria mbili zilizotoboka.