Nani Alimbeba Nani? Karafuu ya Pemba na Hesabu ya Ruzuku

Kila msimu wa bajeti ya Zanzibar hurudi kauli ambayo wasemaji wake huitamka nusu kwa mzaha: Pemba inabebwa. Watalii hushukia Unguja, mahoteli yako Nungwi na Kiwengwa, kodi hukusanywa huko, kisha mishahara ya walimu na fedha za barabara huvuka bahari kwenda kisiwa ambacho sensa ya 2022 ilikihesabia watu 543,441, kiasi cha asilimia 29 ya Wazanzibari wote. Kwa hesabu ya mwaka mmoja kauli hii ni sahihi. Makala haya yanadai kwamba hesabu ya mwaka mmoja ndiyo kosa lenyewe. Huwezi kuamua kama eneo dogo linaweza kujiendesha bila ruzuku kabla ya kukubaliana daftari lifunguliwe ukurasa gani.

Kuhusu chanzo cha nafasi ya Pemba katika karafuu hakuna ubishi mkubwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuipitia mbali ile ya Pemba. Tangu hapo sehemu kubwa ya zao imetoka Pemba, na ushuru wa karafuu ukawa nguzo ya hazina, kwanza ya Sultani na baadaye ya utawala wa Kiingereza. Sheriff (1987) na Cooper (1980) wameieleza enzi hiyo ya mashamba makubwa vya kutosha.

Ubishi unaanza kwa Bates (1981), aliyeonyesha jinsi vyombo vya ununuzi wa mazao barani Afrika vilivyogeuka watoza kodi wasiojiita hivyo. Waliomfuata wameyasoma mambo haya kama ugomvi wa mji na shamba, nasi tumeikariri tafsiri hiyo hadi Zanzibar bila kuipima. Hapa haitoshi. Kati ya mji ulioamua bei na shamba lililoipokea kuna mkondo wa bahari, na kinachoitwa kodi kwa wakulima kwa jumla kilikuwa, kwa vitendo, mali inayohama kisiwa kimoja kwenda kingine. Anayesema “mkulima alikamuliwa” bila kusema mkulima wa wapi ameficha nusu ya habari.

Ushahidi wangu mkuu ni bei. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoundwa 1968, ndilo lililokuwa mnunuzi pekee wa karafuu. Katika miaka ya 1970 viwanda vya sigara za kretek vya Indonesia vilikuwa na njaa ya karafuu na bei ya dunia ikapaa, lakini mkulima alilipwa chini ya robo ya bei ya kuuzia nje. Tofauti ilibaki serikalini. Fedha za karafuu ndizo zilizobeba miradi mikubwa ya enzi ile, majumba ya Michenzani yakiwamo. Nikiri kwamba maghorofa yalijengwa Wete pia, na kwamba shule na matibabu ya bure havikubagua kisiwa. Hata hivyo, kurudishiwa sehemu ya chako si kubebwa.

Tuitazame robo hiyo inavyopatikana. Mchumaji hupanda mti mrefu na kuvuta matawi, akilipwa kwa pishi. Jioni jamaa wote hulizunguka lundo kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Hufuata siku kadhaa za jua juu ya majamvi, na daima yupo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mawingu, kwa kuwa mvua moja yaweza kuishusha daraja kazi ya wiki nzima. Ndipo kituoni: mizani, daraja, malipo. Mtu aliyepitia yote hayo akalipwa robo hubakiwa na njia mbili, kupakia mashua usiku kwenda Mombasa au kuliachia shamba magugu. Wapemba walitumia zote mbili. Dola ilijibu ile ya kwanza kwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na sijui kodi nyingine kwetu iliyodai jeshi la majini lenye jina lake.

Ile ya pili haikujibiwa, nayo ndiyo iliyoumiza zaidi. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vya kutosha. Hasara ya aliyekataa kupanda mwaka 1975 kwa sababu ya bei haikuonekana 1975. Ilionekana katikati ya miaka ya 1980, wakati Indonesia imeshapanda yake na bei ya dunia inaporomoka. Pemba iliingia miaka mibaya ikiwa na miti mizee na wakulima wasio na akiba. Umaskini ambao leo tunautaja kama sababu ya ruzuku ulipandwa, tena kwa sera.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: hali imegeuka. Tangu 2011 Serikali imeahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na kwa miaka kadhaa ilishikilia shilingi 14,000 kwa kilo hata soko la nje lilipoyumba. Basi tupige hesabu. Kila tani 1,000 kwa bei hiyo ni shilingi bilioni 14 kwa wakulima. Kama 14,000 ni asilimia 80, fungu la Serikali ni bilioni 3.5. Ligawe kwa watu 543,441, kila mmoja anapata kama shilingi 6,440, nauli tu. Kwa karafuu peke yake, Pemba ya leo haiwezi kulipa walimu wake. Ninakubali bila kusukumwa.

Lakini pingamizi hilo linadhani tunajua Pemba inaingiza nini, na hatujui. Bajeti hupangwa kwa wizara. Kisiwani kila wizara ina Afisa Mdhamini wake, si hazina yake. Mpemba mwenye duka Kariakoo anayepeleka fedha nyumbani Konde haonekani popote kama pato la Pemba; kinachoonekana ni saruji tu ya nyumba aliyoijenga. Kwa hiyo dai langu lina mpaka: Pemba yenye bei ya haki tangu 1968 pengine ingejilipia matumizi ya kawaida, ingawa si waya wa umeme uliotandikwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, ambao ulihitaji fedha za Norway.

Siku hizi Serikali hugawa miche ya mikarafuu bure. Katika hesabu ya mwaka mmoja hiyo ni gharama ya kuisaidia Pemba. Itakapozaa, karafuu zitapimwa Wete na Mkoani, na mauzo yake yataandikwa makao makuu ya Shirika, Unguja.