Kutoka Bonde la Hinomu hadi Stendi ya Bariadi

Bariadi si mji wa kale. Ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na fahari yake ni pamba na ng'ombe, si magofu. Hauna ukuta wa mawe wala sinagogi, wala kichochoro cha kumwonyesha mgeni na kumwambia kuwa hapa Wayahudi waliishi miaka elfu mbili iliyopita. Kwa hiyo ninapowaambia wageni wangu, wengi wao walimu wa Kiswahili na washairi chipukizi, kwamba nitawatembeza katika urithi wa Kiyahudi wa Bariadi, hucheka kwanza, kisha hunifuata. Kule Yerusalemu kiongozi wa watalii huonyesha mawe. Mimi huonyesha maneno, na si haba: kuta za mji mkongwe wa Yerusalemu zinazopigwa picha leo zilijengwa na Sultani Suleimani kati ya 1537 na 1541, wakati ambapo neno dogo kama "amina" lilikuwa limekwisha kuwa kikongwe.

Tunaanzia stendi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nawaomba wasome vibao vya maduka na maandishi ya mabasi kama wasomavyo diwani. Betheli: beth ni nyumba, El ni Mungu. Ebenezeri: even ni jiwe, ezer ni msaada, ndilo jina la nguzo aliyoisimika nabii Samweli baada ya vita na Wafilisti. Niliwahi kuliona jina hilo juu ya duka la saruji na nondo, na nikaona kwamba mwenye duka amepatia kuliko anavyojua. Bethlehemu, yaani nyumba ya mkate, lingefaa mkahawa wa chapati. Waarabu nao, ambao kwao lahm ni nyama, husikia katika jina hilohilo nyumba ya nyama, tafsiri ambayo mfugaji wa Kisukuma angeipokea kwa mikono miwili.

Kutoka hapo twaelekea sokoni, na njiani husikiliza salamu. Mtu wa kanisani humwamkia mwenzake "Shalomu". Hatua chache mbele, mwingine husema "Asalamu alekumu". Kila mmoja hudhani kwamba kwa neno lake ametangaza upande wake. Kumbe ni neno moja la ukoo mmoja. Penye sh ya Kiebrania, mara nyingi Kiarabu, binamu yake, kina s: shalom kwa salam, shabbat kwa sabt, Moshe kwa Musa, Shelomo kwa Sulaiman. Katika ukoo huohuo sisi tumepata salamu, salama, salimu, na rafiki zetu wote waitwao Selemani.

Hapa pana jambo ambalo hunichekesha kila nilitajapo. Kigiriki hakina sauti ya sh. Wayahudi wa Aleksandria walipoyaandika maandiko yao kwa Kigiriki, Moshe na shabbat waliipoteza sh yao, na Ulaya nzima ikarithi upotevu huo. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Tuna shamba, shoka, shingo, na shairi lenyewe. Tungeweza kutamka Moshe na Shabati sawasawa na Wayahudi wenyewe, lakini majina hayo hayakutufikia moja kwa moja. Yalitufikia kwa milango miwili, na katika milango yote miwili sh ilikuwa imekwisha kuvuliwa.

Mlango wa kwanza ni wa pwani. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora na kufika Usukumani ilikuwa na watu walioitwa Musa, Yusufu, Ayubu na Ibrahimu, na lugha yao ilikuwa na Taurati, Zaburi, malaika na jehanamu. Washairi wa pwani walikuwa wamekwisha kumtungia Ayubu utendi na Yusufu utendi, kwa hati za Kiarabu, kabla mmisionari yeyote hajakanyaga nchi ya Simiyu. Mlango wa pili ni wa misheni. Nasa, kando ya Ghuba ya Speke, ambayo leo iko katika Wilaya ya Busega, ilikuwa na kituo cha Waanglikana wa CMS mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa misheni ya AIM. Waadventista Wajerumani nao walianzia Giti, Upare, mwaka 1903, wakaja upande wa Ziwa, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na vituo hadi Ntusu na Kanadi, yaani katika nchi hii hii tunayoitembea.

Ndiyo maana matembezi yangu hupendeza zaidi yakiangukia Jumamosi. Siku hiyo utaona familia zimevaa nguo safi, Biblia kwapani, zikielekea kanisani, na ukiuliza ni akina nani utajibiwa kwa neno moja: Wasabato. Jamii nzima ya Watanzania inaitwa kwa neno la Kiebrania, tena na watu wasio na habari ya Kiebrania. Mzizi wake maana yake ni kukoma, kuacha kazi. Sikio la Mswahili, hata hivyo, husikia humo "saba", na kwa kuwa Sabato ni siku ya saba, sikio hilo huridhika. Ni bahati tu. Saba yetu ni ya Kiarabu, na mzizi wake si ule wa shabbat. Lakini mshairi asidharau bahati za namna hii, maana vina vingi vizuri vimezaliwa kwa bahati. Zaidi ya hayo, siku hiyohiyo pwani iliiita Jumamosi, ya kwanza baada ya Ijumaa. Mjini Bariadi siku moja ni ya kwanza kwa jina moja na ya saba kwa jina jingine, na hakuna anayekosa basi kwa sababu hiyo.

Karibu na soko nasimama kwa muda mrefu, kwa sababu ya neno jehanamu. Kila mtu analijua. Wahubiri wa vipaza sauti hulitumia, mama akikasirika hulitumia, na washairi wetu wa mawaidha wamelifanya kibwagizo cha vitisho. Lakini jehanamu ni mahali. Ge Hinnom, Bonde la Hinomu, liko kusini na magharibi ya mji mkongwe wa Yerusalemu, na mtu anaweza kulishuka kwa miguu, akatandika mkeka, akala chakula cha mchana. Manabii walililaani kwa sababu ya watoto waliotolewa sadaka humo kwa moto. Kutoka laana hiyo jina likapanda, likaacha kuwa la bonde, likawa la adhabu ya milele.

Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alikuwa akichimba makaburi ya kale kwenye bega la bonde hilo, mahali paitwapo Ketef Hinnom. Humo vikapatikana vijikaratasi viwili vya fedha, vilivyoviringwa vidogo kama hirizi, na kwa hakika vilikuwa hirizi. Kuvikunjua bila kuvivunja kulichukua miaka. Vilipokunjuliwa, vilikutwa vimechorwa maneno ya baraka ya makuhani, ile iliyomo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6. Ni maandishi ya kale kuliko yote yaliyowahi kupatikana yenye maneno ya Biblia. Yanazitangulia hati za Bahari ya Chumvi kwa takriban miaka 400. Baraka hiyo ikisomwa kamili katika kitabu chake, mstari wa kwanza una maneno matatu ya Kiebrania, wa pili matano, wa tatu saba. Ukihesabu herufi ni 15, 20 na 25. Si mizani ya silabi kama yetu, lakini ni mizani, na inapanuka mstari kwa mstari kama mtu anayefungua mikono. Nawaambia wageni wangu washairi: ubeti huu mkongwe umetoka jehanamu. Baada ya hapo sijamwona hata mmoja akiliandika neno hilo kwa wepesi.

Yako pia maneno tusiyoyatendea haki. Yuda limekuwa jina la msaliti, na neno Myahudi nimelisikia likitupwa kama tusi na watu ambao watoto wao wanaitwa Yakobo, Raheli na Benyamini. Tumewachukulia watu hawa majina ya watoto wetu, siku zao, zaburi zao na amina yao, kisha jina lao wenyewe tukalifanya kombora. Hapo huwa sisemi zaidi.

Kituo kirefu cha mwisho ni kivuli cha mwembe ambapo huwauliza wageni swali moja. Yule aliyewatoa Waisraeli Misri, jina lake nani? Wazee husema Musa. Vijana kadhaa husema Mose. Tofauti hiyo ya irabu mbili ina historia yenye ukali.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyohiyo Mjerumani Karl Roehl alikuwa akitafsiri Biblia kwa imani kwamba Kiswahili kimelemewa na Kiarabu, na kwamba kirudishwe katika Ubantu wake ili watu wa bara wakielewe. Aliyempinga ni Kanoni G. W. Broomfield wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar, na mabishano yao yalichapishwa katika jarida Africa mwaka 1930 na 1931. Hoja ya Broomfield, kwa muhtasari wangu, ni kwamba lugha haivuliwi nguo zake eti kwa sababu zilishonwa na fundi mgeni. Maneno yaliyokwisha kuzoeleka ni ya wenye lugha. Biblia ya Roehl ilitoka mwaka 1937, ikachapishwa Stuttgart. Ndani yake hakuna Musa, Daudi na Ibrahimu. Mna Mose, Dawidi na Aburahamu.

Tazama ajabu hiyo. Mtu aliyetaka kukirudisha Kiswahili katika Ubantu aliufunga mlango wa Waarabu, na kilichoingia badala yake si Ubantu, ni Ujerumani. Mose ndivyo Wajerumani wanavyomwita. Simlaumu Roehl kwa bidii yake, na tafsiri yake ina vifungu vyenye Kiswahili kitamu, lakini katika majina alikata mti aliokuwa ameukalia. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ikarudi kwa Musa, Ibrahimu, Nuhu, Ayubu na Sulemani, na kwa miongo minne majina hayo yakawa ya wote. Kisha ikaja Biblia Habari Njema katika miaka ya 1990, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, lugha yake nyepesi na safi, nayo ikaandika Mose, Abrahamu, Noa, Yobu na Solomoni. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, madhehebu yalipokaribiana ndani ya kanisa, ua ukainuka kidogo kati ya kanisa na msikiti.

Kwangu hili si suala la sarufi tu. Hapa Bariadi nawajua wazee wawili, majirani, wote wanaitwa Musa, mmoja Mwislamu na mmoja wa AIC. Hutaniana kwa jina hilo kila asubuhi. Mjukuu wa huyu wa pili amebatizwa Mose. Mtoto ni mzuri na jina ni zuri, lakini yule mzee Mwislamu hawezi kumwita "somo" mjukuu wa jirani yake, kama alivyomwita babu. Mshairi naye amepungukiwa. Akiandika Ayubu, msomaji wa utendi wa kale na msomaji wa Biblia ya 1952 humwona mtu mmoja, majipu yake na subira yake. Akiandika Yobu, nusu ya wasomaji wake watauliza huyu ni nani.

Hutokea mgeni akaniuliza: na Wayahudi wenyewe wangependa lipi? Swali ni la haki, na jibu haliko mbali sana. Wayahudi wapo Nairobi, ambako jumuiya yao iliundwa mwaka 1904, nao wengi walitoka Ulaya. Lakini wapo wengine, Wabantu kama sisi, karibu na Mbale, mashariki ya Uganda. Wanaitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa shujaa wa vita wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza na kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia mwenyewe, akaona kwamba yaliyoandikwa katika vitabu vile vitano vya mwanzo yanapaswa kutendwa, na mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake waliendelea kuishika Sabato, wakavumilia marufuku ya Idi Amin, na zaburi zao huziimba kwa Kiganda, kwa tuni zao wenyewe.

Kakungulu hakuwa na Kiebrania. Alikuwa na Biblia ya Kiganda, na katika Biblia hiyo aliyepokea amri mlimani Sinai anaitwa Musa.