Kovu la BCG na watoto waliozaliwa bila kengele

Haya, kunja mkono wa shati uangalie. Wengi wetu tuna lile kovu dogo la BCG. Mimi langu nilidhani ni alama ya kuzaliwa mpaka nilipoanza kusoma historia yake.

Mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwenye viazi vyenye nyongo. Waliwahamisha mara 230, miaka 13, mpaka wakaishiwa makali. Mtoto wa kwanza aliipata Paris mwaka 1921, tena kwa kunywa.

Ila kuishiwa makali si kufa. BCG ni chanjo hai. Bakteria huingia wazima, na kinga ya mtoto ndiyo inayowadhibiti. Je, kinga hiyo ikiwa na hitilafu?

Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 asiye na kingamwili kwenye damu. Basi ikajulikana kuwa mtu anaweza kuzaliwa na pengo kwenye kinga. Lakini kulikuwa na watoto waliowatatiza zaidi madaktari: vipimo vya kawaida vya kinga viko sawa, halafu BCG inasambaa mwili mzima na kuwaua.

Jibu lilipatikana mwaka 1996. Kundi la Jean-Laurent Casanova, Paris, lilichunguza kisa cha mtoto wa Tunisia aliyekufa hivyo. Wakati huohuo watafiti wa London walichunguza familia ya Malta iliyosumbuliwa na bakteria wa jamii hiyohiyo. Wote wakafika kwenye jeni moja, ya kipokezi cha intaferoni gama. Seli zinawameza bakteria, lakini hazisikii kengele ya kuwaua. Wazazi wenyewe wazima kabisa. Kila mmoja kabeba nakala moja mbovu. Kwetu bibi jirani angeshaitwa mchawi.

Sisemi tukatae BCG, kifua kikuu kinaua watoto wengi kuliko hao. Kinachonikera ni kwamba sindano hutangulia maswali. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 2008 kupima tone la damu la kila mtoto mchanga kutafuta upungufu mkubwa wa kinga, ila kipimo hicho hakioni kasoro ya kengele. Muuguzi anaweza tu kumuuliza mama: kuna mtoto mwingine wa familia yenu aliyefariki baada ya chanjo hii?