Kwetu

Kijana wa Kirungu, nchini Kongo, akijitambulisha mtandaoni huandika hivi: "Kwetu ni Kirungu, juu ya bandari ya Moba. Napenda gitaa na mpira." Tazama viambishi vyake. Gitaa na mpira ni mapenzi yake binafsi, kwa hiyo anasema "napenda". Lakini makao hayaiti "kwangu". Kwangu ni nyumba, mlango na ufunguo. Kwetu ni wazazi na majirani, milima ya Marungu, Ziwa Tanganyika kule chini, mikebuka inayokaangwa kwa mawese, na waliozikwa hapo. Hata anayeishi peke yake Lubumbashi husema kwetu akiikusudia Kirungu.

Majina mengine ya mahali hapa yamebadilika. Wamisionari waliuita mji Baudouinville, na ndipo Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipopewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika zama za ukoloni. Leo jimbo la Kanisa Katoliki linaitwa Kalemie-Kirungu. Kwa wenyeji, siku zote hizo, palikuwa kwetu.

Ndiyo maana sipendi "mimi ni mkazi wa Kirungu", ambayo naiona ni rasmi mno. Mkazi ni neno la fomu ya ofisini. Linamfaa karani, halimfai mtu anayetafuta marafiki. Kijana abaki na kwetu yake. Kisha, kwa kuwa gitaa kalitaja mwenyewe, atuambie pia anapiga nyimbo gani, na nani alimfundisha.