Santuri na Baraza: Usikilizaji wa Taarab kama Uhakiki

Utangulizi

Historia ya uhakiki wa ushairi wa Kiswahili aghalabu huanzishwa na kitabu. Hutajwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) ya Kaluta Amri Abedi, kisha hutajwa mgogoro uliopamba moto baada ya Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi, na hatimaye hutajwa idara za vyuo vikuu. Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo huanza kwa kuchelewa. Robo karne kabla ya kitabu cha Amri Abedi, wakazi wa Unguja na Mombasa walikwisha kuwa na matini ya pamoja ambayo waliweza kuirudia, kuilinganisha na kuibishania. Matini hiyo ilikuwa santuri ya taarab. Waliokuwa wakiisikiliza mikahawani na barazani walifanya kazi ambayo leo huitwa uhakiki, ijapokuwa hakuna aliyewapa cheo hicho.

Kutoka Kasrini hadi Bombay

Taarab ya Unguja ilianza ikiwa burudani ya kasri. Mapokeo yanaihusisha na Sultani Barghash bin Said (1870–1888), aliyemtuma Mohammed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki. Hata chama cha Akhwan Safaa kilipoasisiwa mnamo 1905, lugha ya nyimbo iliendelea kuwa Kiarabu. Msikilizaji wa kawaida, kama alibahatika kusikia, alisikia sauti bila ya kuelewa maneno. Na asiyeelewa maneno hawezi kuyahakiki.

Siti binti Saad ndiye aliyeigeuza hali hiyo. Alizaliwa Fumba yapata 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini yapata 1911. Pamoja na wapigaji kama Subeit bin Ambar, Mbaruku na Budda Swedi, aliiimba taarab kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo. Mnamo Machi 1928 kikundi hicho kilisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Mnamo 1930 kampuni za Odeon na Columbia nazo ziliingia katika biashara hiyo. Katika muda wa miaka mitatu Siti na wenzake walikuwa wamerekodi nyimbo zaidi ya 200.

Matini ya Dakika Tatu

Santuri ya wakati huo ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Jambo hili la kiufundi lina uzito wa kifasihi. Wimbo wa taarab kwa desturi ni beti za mistari mitatu, kila mstari ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawika nane kwa nane. Ukumbini, mwimbaji aliweza kuurudia mstari kadiri alivyotuzwa, akaongeza ubeti alipoona umemgusa mtu aliyekaa mbele yake. Mbele ya kipaza sauti cha Bombay hapakuwa na mtuzaji wala mlengwa. Ilibidi beti zichaguliwe, nyingine ziachwe, au wimbo ukatwe vipande viwili na msikilizaji augeuze upande ili apate mwisho wake.

Kwa hivyo ni kosa kuichukulia santuri kuwa ni diwani iliyotiwa sauti. Mwanafunzi anayenukuu maneno kutoka santuri na kuyahesabu beti, kisha akahitimisha kwamba wimbo una “upungufu wa muwala”, huenda anaihakiki saa ya fundi mitambo badala ya utungo wa Siti. Hata hivyo, ufupi huo ulikuwa na faida yake. Wimbo uliokuwa ukibadilika kila usiku sasa ulitulia. Watu wawili wa mitaa tofauti, ambao hawakuwahi kuketi ukumbi mmoja, waliweza kubishana juu ya mstari ule ule wakiwa na hakika kwamba wamesikia neno lile lile. Pasipo na matini inayorudiwa hapana uhakiki. Pana kumbukumbu tu.

Kijiti na Mahakama ya Wasikilizaji

Mfano ulio bayana ni wimbo wa “Kijiti”. Msingi wake ni kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuzuru Unguja akauawa. Kwa mujibu wa masimulizi, mshukiwa alivuka bahari akakwepa mkono wa sheria, ilhali waliotiwa hatiani ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyokunywewa siku hiyo. Wimbo ulisambaa kwa santuri, na wasikilizaji wakapata nafasi ya kuirudia kesi ambayo korti ilikuwa imeifunga.

Mwanahistoria Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), ameonyesha jinsi wazee wa Unguja walivyoweza, miongo kadhaa baadaye, kuzifasiri nyimbo za Siti kwa kuzihusisha na watu na matukio. Ushahidi huo una mafunzo mawili. Kwanza, maana ya wimbo haikukamilika katika maneno yake. Jina lililofichwa kwa fumbo, mtaa uliodokezwa, na sababu ya kicheko baada ya mstari fulani vilihifadhiwa na wasikilizaji. Pili, maana hiyo ilipatikana kwa mjadala. Mmoja alishika kisa, mwingine akakisahihisha, wa tatu akaeleza kwa nini sauti ilishuka pale. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimtukuza kwa tabia yake na jitihada zake; mabaraza yalibaki na kazi ya kuzifumbua nyimbo.

Mombasa: Ubishi wa Mahadhi

Huko Mombasa ubishi ulichukua sura nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ya santuri ilipata makao mjini humo, mathalani kwa Assanand na lebo yake ya Mzuri. Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) alijulikana kwa kuimba tungo za Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, nyingi zikiwa zimetungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita. Zein l'Abdin (aliyefariki 2016) aliegemea udi na mahadhi ya Kiarabu. Wapenzi wa kila upande waliulizana: je, utungo uliofinyangwa kwa mizani ya Kimvita hubaki wenyewe unapovishwa lahani iliyotoka ng'ambo?

Swali hili si dogo. Amri Abedi alishikilia kwamba shairi sharti liimbike, na Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alikumbusha kwamba tungo za Waswahili zilikuwa za kuimbwa. Lakini mjadala wa vyuoni ulikomea kwenye vina na mizani, kana kwamba kuimbika ni sifa ya karatasi. Wasikilizaji wa Mombasa ndio waliouliza linaimbika kwa lahani ipi, na kwa hasara au faida gani kwa maneno.

Hitimisho

Mnamo 2007 kampuni ya Topic ilitoa mkusanyiko wa rekodi za kale za Kiswahili kutoka hazina ya Maktaba ya Uingereza. Kwa namna hiyo sauti zimeanza kuokolewa. Kisichookolewa na mkusanyiko wowote ni baraza. Waliosikia santuri hizo zikiwa mpya wamekwisha kutoweka, na waliorithi tafsiri zao wanazidi kupungua. Idara za Kiswahili zinazofundisha taarab kwa maneno yaliyopigwa chapa tu zinafundisha nusu ya utungo. Wajibu wao ni kuzipeleka rekodi hizo kwa wazee wa Unguja, Lamu na Mombasa, kuzisikiliza pamoja nao, na kuyaandika mabishano yatakayozuka bila ya kuyasawazisha. Ubeti uliokatwa Bombay pengine hautapatikana tena. Sababu za watu kuupenda, kuukasirikia na kuuficha bado zinaweza kuulizwa, maadamu wa kuulizwa wapo.